Kusafisha Kusikosafisha: Uhakiki wa Lugha ya Amri za Kugawa Diski

Katika kozi zetu za uhakiki tumezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Mwaka wa tatu tuliongezewa hotuba, matangazo ya biashara na maneno ya khanga, na mwalimu wetu akatuambia kuwa chochote ambacho mtu anamwambia mtu mwingine kinaweza kuwekwa mezani kikahakikiwa. Nimemshika neno. Katika makala haya ninahakiki matini fupi kuliko zote nilizowahi kusoma: maneno machache yanayotokea katika dirisha jeusi la kompyuta pale mtumiaji anapogawa diski, anapofuta mgawanyo wake au anapoupanga upya. Programu ninazozitazama ni tatu: diskpart, iliyomo ndani ya Windows, pamoja na fdisk na parted zinazotumika katika Linux. Sizitazami kwa jicho la fundi. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili hapa Bujumbura, na kidogo ninachokijua kuhusu diski nimekipata kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe.

Nianze na kosa hilo, kwani bila ya hilo nisingekuwa na hoja. Nilikuwa nakusanya data ya tasnifu yangu kuhusu simulizi za wazee wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya barazani tangu enzi za ukoloni. Rekodi zote kwa jumla zilikuwa na urefu wa saa 11. Mmoja wa wazee hao, mshona nguo, alifariki wiki chache baada ya kuzungumza nami. Sauti yake ilikuwa kwenye diski moja ya nje, na nakala nyingine sikuwa nayo. Walimu watakaosoma hapa watatikisa kichwa, na wana haki.

Mwenzangu wa chuo alikuwa na diski iliyotolewa kwenye kompyuta yake iliyokufa. Alitaka kuitumia kama diski ya nje, lakini ilikuwa imegawanywa vipande vingi, na viwili kati ya hivyo dirisha la kawaida la Windows lilikataa kuvifuta: ukibofya, neno la kufuta limefifia, halibonyezeki. Ndipo tukaenda kwenye dirisha jeusi. Tulichomeka diski yake na diski yangu kwa pamoja, kwa kuwa tulitaka kuhamishia faili zake kwangu kwanza. Zote mbili zilikuwa za GB 500, na zote mbili Windows iliziandika GB 465, kwa sababu watengenezaji wa diski huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Tukaandika "list disk", tukaona namba 0, 1 na 2, tukahakikisha kwamba namba 1 ni yake. Tukahamisha faili. Umeme ukakatika, na betri ya laptop yangu ilikuwa imeshakufa zamani. Ulipokuja tuliwasha tena, tukafungua diskpart na kuandika kwa kumbukumbu: "select disk 1". Kisha "clean". Programu ikajibu kwa Kifaransa, kwa kuwa Windows yangu ni ya Kifaransa, kwamba imefaulu kuisafisha diski. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole.

Diski namba 1 ilikuwa yangu. Baada ya kuwashwa upya, kompyuta ilizitambua diski kwa mpangilio mwingine na kuzipa namba nyingine. Buyenzi nayo barabara zake zina namba, lakini mtu wa avenyu ya 9 akilala usiku haamki avenyu ya 12.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Hoja yangu si kwamba programu hii ingenizuia. Kosa ni langu: ningeandika "list disk" mara ya pili, au "detail disk" inayotaja jina la kiwandani la diski, ningeona. Hoja yangu ni kwamba neno "clean", ambalo kwa Kiswahili kila mtu hulitafsiri "safisha", ni neno lisilosema kweli, na halisemi kweli kwa pande mbili zinazopingana. Ili tulione hilo ni lazima kwanza tuelewe diski imegawanywaje.

Mwanzoni mwa diski kuna orodha. Katika mpangilio wa zamani, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, orodha hiyo imo ndani ya baiti 512 za kwanza, na mgawanyo wenyewe umeandikwa kwa baiti 64 tu: mistari minne, kila mmoja baiti 16. Kila mstari unasema kipande fulani kinaanzia wapi na kina urefu gani. Katika mpangilio wa sasa, ule wa GPT, orodha kwa kawaida ina nafasi ya mistari 128, na nakala yake huwekwa mwishoni kabisa mwa diski. Ni hivyo tu. Mafaili yenyewe, yaani picha, rekodi na barua, yako mbali na orodha hii. Kinachofanana nayo zaidi ni daftari la viwanja katika ofisi ya ardhi. Kwa sababu hiyo mimi hupenda kukiita kipande cha diski "kitalu" badala ya "patisheni" tunayoisikia kwa mafundi au "sehemu" inayoandikwa katika maelezo ya darasani. "Sehemu" ni pana mno. Hata ukurasa ni sehemu. "Kitalu" tayari kinatumika katika hati za viwanja, katika uwindaji na katika utafutaji wa gesi, na kila mahali kina maana ya eneo lililopimwa, lenye mipaka na lililoandikwa mahali fulani kuwa lipo.

Sasa, "clean" inafanya nini? Inafuta daftari. Inaandika sufuri mahali palipokuwa na orodha, mwanzoni mwa diski, na kwenye GPT hata ile nakala ya mwishoni, basi. Mahindi yapo shambani, migomba ipo, nyumba ipo; kilichotoweka ni karatasi inayosema shamba ni la nani na linaishia wapi. Kusafisha kwenyewe kuna amri nyingine, "clean all", ambayo inaandika sufuri kila mahali kwenye diski. Kwa diski kama yangu kazi hiyo huchukua zaidi ya saa nzima. Tofauti kati ya kung'oa vigingi na kuchoma shamba lote imewekwa kwenye neno moja la herufi tatu.

Mtu wa kwanza anayedanganywa na "safisha" ni yule niliyekuwa mimi usiku ule. Kwa masikio yangu neno hili ni la upole. Unasafisha sahani, na baada ya kuisafisha sahani bado ipo, tena ni bora kuliko awali. Uchafu ndio unaoondoka. Anayeamriwa kusafisha haulizwi kama ana uhakika, kwani nani ajute kwa kusafisha? Kuna anayeweza kunipinga kuwa hata sisi husema "kusafisha shamba" tukimaanisha kufyeka kila kilichopo. Ni kweli, lakini hata hapo mkulima ameshaamua lipi ni gugu na lipi ni zao. Katika diski hakuna aliyetofautisha.

Mtu wa pili hafikiriwi sana, na mimi naona yeye ndiye anayeumia zaidi. Huyu anauza kompyuta yake ya zamani. Amesoma mahali kuwa aandike "clean", ameandika, ameambiwa kuwa diski imesafishwa kwa mafanikio, akafungua akaona tupu. Anaipeleka sokoni kwa moyo mweupe. Ndani yake kuna nakala ya pasipoti, picha za watoto na barua za mkewe, na kijana yeyote mwenye programu ya bure anaweza kuyatoa yote kwa jioni moja. Aliyetaka kuhifadhi ameambiwa neno laini kuliko tendo, na aliyetaka kuangamiza ameambiwa neno kubwa kuliko tendo. Katika fasihi tungesema neno hili lina kinaya, lakini kinaya huwa na mwandishi aliyekikusudia.

Kuna jambo lingine la kisarufi. Amri ya "clean" haina yambwa. Ni kitenzi kitupu. Kinachosafishwa kilitajwa mistari kadhaa juu, kwenye "select", na baada ya hapo programu inategemea kuwa wewe na yeye mnakumbuka kitu kilekile. Kiswahili nacho kinaruhusu jambo kama hili: tukishaitaja diski, tunaweza kusema "isafishe", na kiambishi "i" kikabeba kazi yote. Lakini sisi tunajua pia kwamba kadiri kiambishi kinavyokuwa mbali na nomino yake, ndivyo msikilizaji anavyopotea, na msemaji mwenye adabu hurudia nomino. Diskpart hairudii. Mwanzo wa kila mstari inaandika jina lake yenyewe, DISKPART, kana kwamba kilicho hatarini kusahaulika ni jina la programu na si jina la diski. Fdisk na parted zina kasoro hiyohiyo: ukishaingia ndani, mstari wa kuandikia hautaji diski uliyomo. Lakini Linux ina amri nyingine, kwa mfano "wipefs -a /dev/sdb", ambapo kitenzi na yambwa viko katika sentensi moja. Anayeiandika analazimika kusema anamfanyia nani. Hata yeye anaweza kukosea, maana "sdb" nayo inaweza kubadilika baada ya kuwasha upya, lakini angalau jicho lake limepita juu ya jina hilo sekunde moja kabla ya kubonyeza.

Na nisisahau hili. Ukiiambia diskpart isafishe diski ambayo Windows yenyewe inaishi ndani yake, inakataa. Inakuambia kwamba hairuhusiwi. Kumbe kukataa inajua! Inailinda nyumba yake yenyewe, ila jirani akija na amri ileile juu ya nyumba ya Mzee wa Buyenzi, mlango uko wazi. Niliposoma hilo nilikasirika kuliko usiku wa tukio.

Fdisk ni mzungumzaji wa aina nyingine. Mara tu ukiifungua, kabla hujaandika chochote, inakueleza kwamba mabadiliko utakayofanya yatabaki katika memori mpaka utakapoamua kuyaandika, na kwamba uwe mwangalifu kabla ya kutoa amri ya kuandika. Baada ya hapo uko huru. Futa vitalu vyote kwa "d". Unda vipya kwa "n". Andika "p" uone daftari litakavyokuwa. Ukiona umeharibu, "q", unatoka, na diski haijaguswa. Ni mpaka uandike "w" ndipo maneno yanakuwa tendo.

Wanaosoma isimu watamkumbuka J. L. Austin, ambaye kitabu chake kilichotoka mwaka 1962 kilionyesha kuwa kuna semi ambazo kuzitamka ndiko kutenda: mtu akisema "naahidi", ameshaahidi. Austin alisisitiza pia kwamba semi hizi zina masharti. Zikitamkwa na mtu asiyehusika au mahali pasipofaa, hazifanyi kitu. Fdisk imeliheshimu hilo. Imetenga mahali pa kujadiliana na mahali pa kufunga neno. Ndivyo zinavyokwenda posa zetu: washenga wanakwenda na kurudi, mahari yanatajwa, yanapunguzwa, watu wanacheka na kununa, na yote hayo si ndoa. Ndoa ina neno lake, na siku ya neno hilo kila mtu anajua kwamba leo si maongezi. Diskpart ni kama mshenga anayefungisha ndoa kwa kubisha hodi.

Lakini nisiisifu fdisk kupita kiasi. Lugha yake ni ya herufi mojamoja, na herufi mbili zenye uzito mkubwa kuliko zote, "w" ya kuandika na "q" ya kutoka bila kuandika, zimekaa jirani. Kwenye kibodi ya Kiingereza zimegusana ubavu. Kwenye kibodi ya Kifaransa, tunayoitumia wengi wetu hapa Burundi, "q" iko juu kidogo ya "w" upande uleule wa kushoto. Yaani ukubali na ukatae umbali wake ni upana wa ukucha kwenye kibodi zote mbili. Ndugu yake fdisk, programu iitwayo cfdisk, ilitatua tatizo hili kwa njia ambayo mtu wa lugha lazima aipende: ili iandike, inakudai uandike neno zima la kukubali, herufi zake zote tatu. Hakuna anayeandika neno zima kwa bahati mbaya.

Parted ndiyo inayonipa shida kuihakiki. Kwa mtazamo inafanana na fdisk: dirisha ni lilelile jeusi, unaingia, unaandika amri, unaomba kuonyeshwa daftari. Lakini kila amri inatekelezwa papo hapo. Ukiandika "rm 2", kitalu cha pili kimeshaondoka kwenye daftari, na kutoka kwa "quit" hakurudishi kitu. Kwa kweli baadhi ya amri zake huonya. Ukitaka kuandika daftari jipya kwa "mklabel" juu ya diski yenye vitu, inakueleza kwamba vyote vitapotea na inauliza ndiyo au hapana. Tena ina amri ya "rescue" ya kutafuta kitalu kilichopotea, jambo la kiungwana. Ila aliyejifunza lugha kwa fdisk akaenda kwa parted ni kama Mrundi aliyezoea kwamba maneno fulani ni ya utani, akayasema ugenini ambako si utani.

Mwenzangu, aliyesoma rasimu ya makala haya, aliniambia: "Ndugu yangu, wewe unataka kompyuta ikushike mkono. Dirisha jeusi ni la watu wanaojua wanachofanya." Nililipima neno lake. Ni kweli kwamba diskpart inaweza kupewa faili lenye amri nyingi izitekeleze yenyewe usiku kwenye mashine mia moja, na kila amri ikisimama kuuliza swali, kazi haiendi. Ni kweli pia kwamba maswali ya ndiyo na hapana huchosha. Baada ya siku tatu mtu anabonyeza ndiyo bila kusoma. Kwa hiyo siombi swali. Ninaomba nomino. Kama kabla ya tendo programu ingeandika tu kwamba diski hii ina kitalu kimoja kiitwacho "SIMULIZI", ningesimama hata bila kuulizwa. Jina hilo nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe, na lilikuwepo kwenye diski, linasomeka. Mashine ya kufanya kazi usiku isingesumbuliwa na mstari mmoja wa maelezo.

Rekodi zangu zilirudi. Mwenzangu alinishika mkono nisiendelee na mistari miwili iliyofuata katika maelezo tuliyokuwa tunayafuata, ya kuunda kitalu kipya na kukiandaa. Kama tungeiandika, tungekuwa tumeanza kupanda juu ya shamba la watu. Usiku huo sikulala. Kesho yake alileta TestDisk, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Kazi yake si kutafuta mafaili kwanza. Inapita kwenye ardhi ikitafuta alama za mahali vigingi vilipokuwa. Iliona kitalu kinaanzia sekta ya 2048, ikatuonyesha majina ya folda tuyathibitishe kwa macho, kisha ikauliza kama iliandike daftari upya. Tulipoiwasha kompyuta tena nilifungua faili la Mzee kabla ya jingine lolote. Linaanza na yeye kuniuliza, "Mwanangu, hicho kidude chako kimeshawaka?" na mimi ninamjibu ndiyo, Mzee, karibu. Kwa hiyo niliokolewa na uongo wa neno "safisha". Lingekuwa kweli, nisingekuwa na data.

Linalobaki ni letu, sisi wa Kiswahili. Mwenzangu na mimi tumeanza kuandika mwongozo mfupi wa kugawa diski kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na tumekwama kwenye mstari wa "clean". Tafsiri ya "safisha" ni rahisi na inaeleweka mara moja, na kwa kuichukua tunauchukua pia udanganyifu wake wote, safari hii kwa lugha ya mama zetu. Mimi nimependekeza "futa daftari la vitalu" kwa "clean" na "futa diski yote" kwa "clean all". Yeye anasema ya kwanza ni ndefu, na kwamba mwanafunzi akiona "daftari" atadhani ni jambo dogo. Nimemjibu kwamba kwa aliyewahi kugombania kiwanja, daftari si jambo dogo. Hatujakubaliana. Kwa sasa katika rasimu mstari huo tumeuacha na nafasi tupu, na chini yake tumeweka amri ya "sfdisk -d", ambayo hunakili daftari lote la diski kwenye faili la maandishi la mistari michache, unaloweza kulichapa kwenye karatasi moja na kulitia mfukoni.